Makocha wanawake waliolijenga kombe la ACC

Kay Yow alikwenda kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza. Mwalimu mkuu wa sekondari ya Allen Jay, mjini High Point, jimbo la North Carolina nchini Marekani, akamwambia kazi ipo, lakini kwa sharti moja: awe pia kocha wa wasichana wa mpira wa kikapu. Ilikuwa miaka ya 1960. Chuoni alikosoma, East Carolina, hakukuwa na timu ya wanawake ya kuchezea. Akakubali. Mwaka 1975 alipochukuliwa na Chuo Kikuu cha North Carolina State (NC State) hakukabidhiwa kikapu peke yake. Alifundisha pia voliboli na softiboli, na juu ya hayo akasimamia michezo ya wanawake ya chuo kizima.

Miaka mitatu baadaye timu yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizocheza kwa mara ya kwanza mashindano ya wanawake ya Atlantic Coast Conference, wakati huo muungano wa vyuo vya mashariki mwa Marekani, ambao mashabiki wanauita ACC. Muungano huo uliundwa mwaka 1953, na wanaume wakaanza kugombea kombe lao mwaka 1954. Wanawake walisubiri hadi 1978.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuuvumilia. Timu zinacheza ligi ya muungano majira yote ya baridi, kisha mwezi Machi zinakusanyika mahali pamoja na kucheza kwa mtoano. Ukifungwa unafunga virago. Bingwa anakata tiketi ya moja kwa moja ya kwenda mashindano ya taifa, hata kama msimu mzima alikuwa anasuasua.

Mwaka 1978 tiketi hiyo haikuwapo kwa sura tunayoijua leo. Sheria ya Title IX, iliyosainiwa na Rais Nixon mwezi Juni 1972, ilikuwa imekataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, lakini NCAA, chombo kikuu cha michezo ya vyuo, kilikuwa bado hakijawafungulia wanawake mlango. Michezo yao iliendeshwa na chama chao wenyewe, AIAW. NCAA iliandaa ubingwa wake wa kwanza wa kikapu cha wanawake mwaka 1982. Kwa hiyo Virginia walipowapokea wenzao mjini Charlottesville kwa mashindano ya kwanza, wale makocha walikuwa wanajenga nyumba kabla ya kupewa hati ya kiwanja.

Maryland ndio walionyanyua kombe mwaka huo. Kocha wao, Chris Weller, aliwahi kuichezea timu hiyohiyo akiwa mwanafunzi. Msimu huohuo aliifikisha fainali ya taifa ya AIAW, ambako UCLA waliwafunga pointi 90 kwa 74. Hadi kufikia 1989 Weller alikuwa ametwaa makombe manane ya ACC, rekodi ambayo hakuna kocha aliyeivunja katika mashindano 48 yaliyochezwa hadi 2025.

Mashindano yenyewe yalikuwa hayana kwao. Yalizunguka vyuoni, yakakaa Fayetteville, mji wa wanajeshi, kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980, yakavuka mpaka hadi Rock Hill, South Carolina, kisha Charlotte kuanzia 1997 hadi 1999. Mwaka 2000 yakafika Greensboro, mji uleule ambako mwezi Februari 1960 wanafunzi wanne weusi walikaa kwenye kaunta ya duka la Woolworth na kukataa kuondoka mpaka wahudumiwe. Uwanja wa Greensboro unaingiza watu zaidi ya 20,000. Kwangu mimi, uamuzi wa kutulia hapo una uzito kuliko wengi wanavyoupa: shabiki anayejua kila Machi aelekee wapi ataweka nafasi yake mapema na kuja na binti yake, na mwaka unaofuata atarudi.

Katikati hapo wafalme walibadilishana zamu. Virginia ya Debbie Ryan ilitwaa kombe mwaka 1990 na 1992 ikiwa na Dawn Staley, ambaye leo ni kocha wa South Carolina na mmoja wa watu wenye sauti kubwa zaidi katika mchezo huu. Duke ya Gail Goestenkors ilichukua matano mfululizo, 2000 hadi 2004. North Carolina ya Sylvia Hatchell ikajibu kwa manne mfululizo, 2005 hadi 2008.

Lakini ukiwauliza wazee wa Greensboro watakwambia habari za timu iliyoshindwa. Yow aligunduliwa na saratani ya matiti mwaka 1987, na mwaka uliofuata akaipa Marekani dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul. Saratani ikarudi. Msimu wa 2006/07 alikosa mechi 16 akiwa kwenye matibabu, na aliporejea mwishoni mwa Januari wachezaji wake walikuwa wamefunga viatu kwa kamba za rangi ya waridi. Februari chuo kiliipa sakafu ya kuchezea ya ukumbi wa Reynolds jina lake, na usiku huohuo vijana wake wakaichapa North Carolina, timu ya pili kwa ubora nchini.

Machi wakakutana na Duke kwenye nusu fainali. Duke walikuwa namba moja Marekani na walikuwa hawajapoteza mechi hata moja tangu msimu uanze. Kocha aliyekaa upande wa pili alikuwa mgonjwa, akitumia dawa, kilomita chache tu kutoka Gibsonville alikozaliwa. Vijana wa Yow wakashinda. Siku ya pili North Carolina waliwanyang'anya kombe, na bado ni nusu fainali ile inayosimuliwa.

Yow alifariki tarehe 24 Januari 2009. Chini ya miezi miwili baadaye kombe lilikwenda Maryland, chuo ambacho mkurugenzi wake wa michezo alikuwa Debbie Yow, mdogo wake wa damu.

Mwaka 2017 mashindano yaliondoka Greensboro kwa mara ya kwanza katika karne hii, na sababu haikuwa ya kimichezo. Bunge la North Carolina lilikuwa limepitisha sheria ya HB2, iliyowataka watu watumie vyoo vya majengo ya umma kulingana na jinsia iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na iliyoizuia miji kujitungia sheria zake za kupinga ubaguzi. ACC ikahamisha mashindano yake nje ya jimbo. Wanawake wakacheza Conway, South Carolina, kwenye uwanja wa watu wasiofika elfu nne, na Notre Dame wakatwaa kombe. Mwezi huohuo sheria ilifutwa, na 2018 timu zikarudi Greensboro.

Kuna hesabu moja nimeifanya ambayo naona haisemwi vya kutosha. Kati ya 1978 na 1995, kila kombe la ACC lilichukuliwa na timu inayofundishwa na mwanamke. Mwanamume wa kwanza kulitwaa alikuwa Jim Davis wa Clemson, mwaka 1996. Kisha, kuanzia 2020 hadi 2023, Wes Moore wa NC State alichukua matatu na Kenny Brooks wa Virginia Tech moja. Ni makocha hodari, sina neno nao. Ila kabla ya Title IX, wanawake ndio waliofundisha zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni, na miaka ya karibuni hawafiki nusu. Fedha na heshima zilipoingia, kazi ambayo zamani Yow aliipata kama nyongeza ya somo la Kiingereza ikawa inagombewa na kila mtu. Muffet McGraw, aliyeipa Notre Dame makombe matano ya ACC, alilisema jambo hilo waziwazi mbele ya waandishi mwaka 2019.

Mwaka 2024 Notre Dame ikashinda chini ya Niele Ivey, ambaye mwaka 2001 alikuwa mchezaji wa McGraw katika timu iliyotwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 2025, muungano ukiwa umepanuka hadi vyuo 18 na kufika California, Duke ya Kara Lawson iliifunga NC State kwenye fainali, pale pale Greensboro, na kupata kombe lake la kwanza tangu 2013.