Kinubi na Neno "Au"

Majira ya baridi ya mwaka 1983, nikiwa mwanafunzi wa uhandisi mjini Moscow, niliingia katika ukumbi mdogo wa shule moja ya muziki kuwasikiliza wanafunzi wakipiga kinubi. Karatasi ya programu ilinishangaza. Glinka, Prokofiev, Komitas, Khachaturian: karibu kila kipande kilikuwa cha piano. Mimi nimelelewa Unguja na ami yangu, mpiga ganuni wa taarabu, na kwetu ganuni haifanyi kazi ya fidla. Nikadhani watoto wale wanaazima kwa kuwa kinubi hakina chake. Nilikosea, na kosa hilo lilinifungulia historia ninayoipenda mpaka leo.

Historia hiyo ina mizizi St Petersburg, katika Taasisi ya Smolny, iliyoanzishwa mwaka 1764, enzi za Malkia Catherine II, kusomesha mabinti wa makabaila. Humo muziki ulikuwa sehemu ya malezi. Mwaka 1776 mchoraji Dmitry Levitsky alimchora mwanafunzi mmoja, Glafira Alymova, amekaa na kinubi chake, gauni lake jeupe likimeremeta. Katika sebule za wakubwa, kinubi na piano vilikuwa watoto wa nyumba moja. Ndiyo maana Mikhail Glinka, alipotunga vipande vyake juu ya wimbo wa Mozart mwaka 1822, na nokturno yake mwaka 1828, alivitoa kwa piano au kinubi. Neno hilo dogo, "au", ndilo lililonivua ujinga.

Lakini udugu haumaanishi kufanana. Kinubi kikubwa cha leo kina nyuzi 47 na pedali 7, moja kwa kila nota, na kila pedali ina ngazi tatu: kushusha nusu sauti, kuiacha ilivyo, au kuipandisha. Ufundi huo aliupatia hataza Sébastien Érard mjini London mwaka 1810. Nilipoiona miguu ya msichana wa kwanza ikihangaika chini ya kinubi, nilimkumbuka ami. Yeye huviinua na kuvilaza vyuma vidogo vilivyo chini ya nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto; binti yule aliifanya kazi hiyohiyo kwa nyayo. Mpiga piano amewekewa nusu sauti zote mbele yake. Mpiga kinubi hana budi kuziandaa kabla hazijafika. Tena hatumii kidole cha mwisho, kwa hiyo mlio wa vidole kumi lazima upunguzwe uwe wa vinane. Na uzi ukishapigwa huendelea kuvuma mpaka kiganja kiulaze.

Prokofiev aliyajua hayo. Alipokuwa bado mwanafunzi wa konsevatori ya St Petersburg, alimtungia mpiga kinubi mwenzake, Eleonora Damskaya, Preludi ya mwaka 1913, nayo pia ikatoka kwa piano au kinubi. Mwanzo wake nota zinatiririka kama maji ya mfereji huku miguu imetulia.

Kisha vikaja vipande vya Waarmenia, na hapo nikasogea mbele kitini.

Komitas, kasisi aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo za watu wake, alizitungia piano dansi za Kiarmenia, na katika nota zake akaonyesha ala za kienyeji ambazo mpigaji aziige: tar, ambayo ni ala ya nyuzi, na daf, ambayo ni dufu letu hilihili la maulidini. Yaani piano yenyewe ilikuwa imeazima! Mwaka 1915 Komitas alikamatwa Istanbul pamoja na wasomi wenzake wa Kiarmenia; alirudi hai, lakini akili yake haikupona, akafia Paris mwaka 1935. Msichana aliyepiga Shushiki, mojawapo ya dansi hizo, usiku ule hakuwa akiiba mali ya piano. Alikuwa akiirudisha sauti ya uzi kwenye uzi.

Khachaturian naye alizaliwa Tbilisi mwaka 1903, akakua akisikia waimbaji wa mitaani na ala zao za nyuzi. Alifika Moscow mwaka 1921 bila elimu rasmi ya muziki. Miaka mitano baadaye akaandika Andantino, kipande kifupi ambacho watoto wengi wa piano hukianza mapema. Usiku ule alikipiga mtoto wa miaka kama kumi na miwili, miguu yake ikizifikia pedali kwa shida. Alipomaliza aliweka viganja vyote viwili juu ya nyuzi, akazilaza. Ami hufanya hivyohivyo.

Niliporudi Unguja mwaka 1986, jioni moja barazani nilimpigia ami Andantino kwa mluzi. Alisikiliza, akaipakata ganuni, akageuza vyuma viwili, akaanza kuutafuta ule wimbo.

"Huu wanaupiga kwa ala gani?" aliniuliza.

"Kwa piano, ami. Au kinubi."

Akatikisa kichwa, akaurudia tangu mwanzo, polepole, na safari hii hakukosea hata uzi mmoja.