Kufyonza au kusharabu?

Nyuki hufyonza ua, mtoto hufyonza muwa. Afyonzaye ndiye mwenye kazi. Kwa hiyo tukisema utumbo "haukufyonza" dawa ya mitishamba, lawama yote tunautwika utumbo. Kurkumini, kiini cha rangi ya manjano, inatusuta. Koroga kijiko cha manjano kwenye glasi ya maji, uache kidogo: unga mwingi unatuama chini. Kurkumini hupatana na mafuta, majini haiyeyuki, na utumbo haupokei kisichoyeyuka. Ndiyo maana wataalamu huifungasha ndani ya vitone vya mafuta vya kipimo cha nano (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ili isambae kwenye majimaji ya tumbo. Hapa "kusharabu", neno la mzizi wa Kiarabu wa kunywa, ndugu wa sharubati, linafaa zaidi: kitambaa husharabu maji, hakisharabu mchanga.

Atakayepinga atasema vitabu vya shule vimeshazoea "kufyonza". Sawa (afadhali hilo kuliko "kunyonya", lililoelemewa na siasa za unyonyaji). Pingamizi zito ni pilipili manga. Mwaka 1998 watafiti wa India waliripoti kwamba miligramu 20 za piperini yake zilipandisha kiwango cha kurkumini kinachofika kwenye damu ya watu kwa asilimia 2,000, na sababu inayotajwa zaidi ni kwamba piperini huzuia ini na ukuta wa utumbo kuibadilisha kurkumini. Huko si kufyonza wala kusharabu. Jambo hilo ningeliita "ufikaji damuni", na tangazo la kopo la kurkumini ya nano likitaja huo tu, ugonjwa bado halijaugusa.