Uwanja Uliofufuka

Katikati ya mji wa Bruxelles, huko Ubelgiji, kuna uwanja uitwao Grand-Place. Tangu zamani watu walikutana hapo kwa soko na kwa sikukuu. Mwezi wa Agosti 1695 majeshi ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, yaliupiga mji kwa mizinga siku tatu. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliteketea. Pale uwanjani, kuta na mnara wa nyumba ya baraza la mji vilibaki vimesimama.

Nani waliujenga upya? Hasa vyama vya mafundi: waoka mikate, wapika pombe, maseremala, watu wa mashua. Kila chama kilijenga nyumba yake, lakini tangu 1697 kilipaswa kuonyesha baraza mchoro wa uso wa nyumba, ili mmoja asiharibu uzuri wa wote. Kwa miaka mitano hivi kazi ilikaribia kwisha.

Katika karne ya 20 motokari ziliujaza uwanja. Nyumba zilikuwa nzima, lakini watu walikosa pa kusimama. Baadaye motokari ziliondolewa, watu wakarudi. Na zulia la maua, lililotandazwa hapo mara ya kwanza 1971, huvuta makutano makubwa.

Nasi tukitengeneza uwanja wa mji wetu, tuulize kwanza: watu watakutana wapi?