Ngome na Figo

Ewe msomaji, usimamapo mbele ya Ngome ya Yesu katika Mji wa Kale wa Mombasa, kumbuka kuwa Waomani waliizingira tangu mwaka 1696 hata 1698. Haikuangushwa na silaha peke yake. Njaa na maradhi yaliwamaliza walinzi wake.

Figo nazo huzingirwa vivyo hivyo. Kila moja ina vichujio vipatavyo milioni moja, na shinikizo la damu, kisukari na urithi huviua kimya kimya.

Mwaka 1827 Richard Bright wa London alionyesha kwamba uvimbe wa mwili na protini katika mkojo hutokana na figo mbovu. Siku hizi wataalamu huzipima jeni na protini nyingi kwa pamoja, na kompyuta huonyesha jinsi zinavyoathiriana. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba aina mbili za jeni ya APOL1, zilizoenea zaidi Afrika ya Magharibi, husaidia kukinga malale. Lakini azirithiye kwa wazazi wote wawili, figo zake zimo hatarini. Ugunduzi huo umezaa dawa zinazojaribiwa sasa.

Basi wahimize wazee wako wapimwe mapema. Ngome hukarabatiwa, kichujio kilichokufa hakifufuki.