UZI: "Wewe kimbia tu, siasa waachie wenyewe"

1/ Mwanariadha akisema neno moja tu kuhusu serikali, hiyo ndiyo comment ya kwanza. Hapa Plateau, kwenye wakimbiaji wamejaa barabarani alfajiri, nimeisikia mara nyingi. Wacha tuangalie historia.

2/ Juni 1976, polisi wa makaburu waliua wanafunzi Soweto. Kabla mwezi uishe, timu ya raga ya New Zealand ilikuwa Afrika Kusini ikicheza. Nchi za Afrika zikataka New Zealand ifungiwe nje ya Olimpiki ya Montreal. Zikakataliwa. Zaidi ya nchi 20 zikasusia, Kenya na Tanzania zikiwemo. Marekani ilibaki ikashindana.

3/ 1980 mambo yakageuka. Wasovieti wameingia Afghanistan, na sasa Marekani ndiyo inataka dunia isusie Moscow. Ikamtuma Muhammad Ali aje kutushawishi. Ali huyo huyo aliyepokonywa ubingwa kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam! Alipofika Tanzania akaulizwa: mbona 1976 nyinyi hamkutuunga mkono? Swali zito.

4/ Tanzania ikaenda Moscow. Filbert Bayi akarudi na medali ya fedha, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui naye akapata fedha ya mita 5,000. Kenya ikakaa nyumbani.

5/ Sasa mkumbuke Henry Rono, mtu wa Nandi, majirani zetu. 1978, akiwa mwanafunzi Washington State University, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81: mita 5,000, 3,000 kuruka viunzi na maji, 10,000 na 3,000. Hakukimbia Olimpiki hata moja. Alifariki Februari 2024 bila hiyo medali.

6/ Maoni yangu: 1976 tulikuwa na haki. Ubaguzi wa rangi haukuwa wa kuchekewa. 1980 tulifuata waliotuacha peke yetu. Lakini miaka yote miwili uamuzi ulitoka ofisini, na aliyelipa ni mkimbiaji.

7/ Kwa hivyo siasa hailetwi kwa michezo na mwanariadha. Anaikuta hapo, na inaweza kumla miaka yake bora bila kumuuliza. Mtu kama huyo akitaka kusema, tumsikize.

Mzee wako anakumbuka nini kuhusu 1980? Niambie hapo chini.