Jimbo la Ngapi, Rais wa Ngapi? Utata wa Swali la Nafasi katika Historia ya Kivu na Kongo

Kiswahili kina kiulizi cha mpangilio, -a ngapi, ambacho Kiingereza hakina neno moja linalolingana nacho. Hata hivyo, kiulizi hicho huuliza nafasi tu. Hakitaji kipimo wala mahali pa kuanzia hesabu. Athari za upungufu huo hudhihirika katika ufundishaji wa historia.

Jimbo la zamani la Kivu, ambalo makao yake makuu yalikuwa Bukavu, liligawanywa mwaka 1988, yakapatikana majimbo matatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Mwanafunzi wa Bukavu akiulizwa, "Maniema ni jimbo la ngapi kwa ukubwa?", ana majibu mawili yaliyo sahihi. Kwa eneo, ni la kwanza: lina kilomita za mraba zipatazo 132,000, ilhali Kivu ya Kusini ina 65,000 hivi na Kivu ya Kaskazini 59,000 hivi. Kwa idadi ya watu, ni la mwisho. Kivu ya Kusini hupotosha zaidi, kwa kuwa ni ya pili kwa vipimo vyote viwili. Mtahini hupokea jibu sahihi asijue mwanafunzi alipima nini. Kiini cha tatizo ni neno lenyewe: ukubwa ni wa eneo, wa wingi, wa umri na hata wa cheo.

Utata wa mahali pa kuanzia ni mzito zaidi, maana hugusa uhalali wa utawala. Mobutu alikuwa rais wa ngapi? Tangu uhuru wa 1960, ni wa pili, baada ya Kasavubu. Kwa nchi iliyoitwa Zaire, 1971 hadi 1997, ni wa kwanza na wa mwisho. Laurent-Désiré Kabila ni wa tatu tangu uhuru. Lakini anayeanza hesabu mwaka 1997, jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo liliporudishwa, humwita wa kwanza. Kwa neno hilo moja hufutwa miaka 32 ya Mobutu, na husahauliwa kwamba jina hilo lilitumika tangu 1964, Kasavubu akiwa madarakani.

Swali lililo wazi, basi, hutaja kundi, kipimo, mwelekeo na wakati: "Kati ya majimbo matatu yaliyotokana na mgawanyo wa 1988, Maniema ni la ngapi kwa eneo, kuanzia lililo kubwa kabisa?" Swali hilo ni refu, lakini jibu lake ni moja.