Jina la Kiamaiko kwa Mwandiko wa Mafirauni

Chukua kalamu, ewe mwanafunzi, uliandike jina la Kiamaiko kama Wamisri wa kale. Chora kikapu chenye kishikio: hicho ni K. Kisha bundi, ambaye ni M. Kisha kikapu tena. Usitafute irabu, kwani hawakuziandika. Je, msomaji atajuaje kuwa K-M-K ni mahali? Ongeza mwishoni duara lenye njia mbili zinazokatana ndani yake. Alama hiyo haitamkwi. Kazi yake ni kuonyesha kuwa neno lililotangulia ni mji. Jina la mbuzi, ambao Kiamaiko inajulikana kwao, ungalilimalizia kwa picha ya mnyama.

Wengi hudhani hiroglifi ni picha tupu, na dhana hiyo ni ya zamani. Maandishi ya mwisho yenye tarehe yalichongwa kisiwani Philae mwaka 394. Wasomaji walipokwisha, mawe yakawa mabubu kwa miaka zaidi ya 1,400. Jiwe la Rosetta, lililopatikana mwaka 1799, lilikuwa na tangazo moja kwa miandiko mitatu, mmojawapo Kigiriki. Champollion alilinganisha majina ya wafalme, na mwaka 1822 akatangaza kuwa amepata sauti za alama zake.

Kiswahili nacho kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, ambazo leo vijana wengi hawawezi kuzisoma. Mwombe mwenzako aliyesoma madrasa aandike Kiamaiko kwa herufi hizo, kisha zilinganisheni karatasi zenu. Yeye ataanzia kulia. Wamisri nao aghalabu walianzia huko. Mtazame bundi wako, kwani mstari husomwa kutoka upande anaouelekea.